Kibao cha Monowi na kaunti ya watu 64

Swali limetoka kwa msomaji wa Nakuru, nami nalifupisha: "Mwalimu, shemeji yangu anaendesha lori la masafa marefu huko Marekani. Juzi alinitumia picha ya kibao cha kijani kando ya barabara huko Nebraska. Kimeandikwa Monowi, na chini yake namba 1. Anasema hiyo ndiyo idadi ya wakazi. Nilicheka, nikajua ananitania. Kisha nikasoma kwamba Texas kuna kaunti nzima yenye watu 64. Sisi hapa tumepita milioni mbili na bado tunalia barabara. Kaunti ya watu 64 ni kaunti ya kufanyia nini? Na mbona mahali pengine nimeona Monowi ina watu wawili?"

Dada, shemeji yako hakukutania. Monowi ni kijiji kilichosajiliwa kisheria, kaskazini kabisa mwa Nebraska, katika kaunti ya Boyd, karibu na mpaka wa South Dakota. Kilianza mwanzoni mwa karne iliyopita, reli ilipofika. Miaka ya 1930 kilikuwa na zaidi ya watu 100. Sensa ya 2000 ilikuta wawili, mume na mke. Mume akafariki mwaka 2004, na sensa ya 2010 ikaandika mtu mmoja. Kwa miaka mingi bibi huyo amekuwa meya, karani, mweka hazina na mwenye baa ya pekee. Leseni ya pombe anajiombea na kujipa mwenyewe, na kodi anajitoza ili taa chache za barabarani ziendelee kuwaka. Kuna hata maktaba, ya vitabu alivyoacha mumewe. Habari ya wale wawili uliowaona mahali pengine nitaifikia, maana ina kisa chake.

Tuanze na neno lenyewe, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu tunapopotea. Tangu Katiba ya 2010, Mkenya akisikia kaunti anaona gavana, bunge la kaunti, hospitali, na fedha zinazosubiriwa kutoka Nairobi. Tunazo 47, na hata Lamu, iliyo ndogo kuliko zote kwa watu, ilihesabiwa karibu 144,000 mwaka 2019. Marekani zipo zaidi ya 3,100. Jina ni moja lakini wanyama ni wawili. Gavana kule ni wa jimbo. Kaunti huongozwa na kamati ya makamishna, mara nyingi watatu au watano, na kazi yake ya asili ni ya ofisini hasa: mahakama, sherifu na jela yake, rejista ya ardhi, kodi ya ardhi na nyumba, barabara za mashambani, kuendesha uchaguzi. Louisiana wanaziita parokia. Connecticut walifuta serikali za kaunti mwaka 1960 na maisha yakaendelea. Kwa hiyo ukiniuliza kaunti ya watu 64 ni ya kufanyia nini, jibu fupi ni kwamba inatunza hati za ardhi na kukusanya kodi yake, na ardhi haijali ina watu wangapi juu yake.

Sisi huanza na watu. Tanzania wilaya ikijaa, inagawanywa. Mwaka 2012 ilizaliwa mikoa minne mipya kwa mpigo, Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Marekani, hasa magharibi ya milima ya Appalachia, walianza na ardhi. Mwaka 1785 walipitisha sheria ya kuipima nchi kwa miraba: mraba mkubwa wa maili sita kwa sita, ndani yake miraba 36 ya maili moja moja, kila mmoja ekari 640. Wapimaji wakaenda na minyororo yao ya kupimia, wakavuka mito na vilima bila kupinda mstari. Hawakuikuta nchi tupu: Nebraska ilikuwa ya Wapawnee, Walakota na wengine, na mistari ilichorwa juu ya vichwa vyao. Kaunti nyingi za Iowa, Kansas na Nebraska zilikatwa kwa kufuata miraba hiyo. Ndiyo maana ukizitazama kwenye ramani zinafanana na vigae vya sakafuni. Nyingi zilipata jina na mipaka wakati walowezi walikuwa wachache mno, au hawajafika kabisa.

Miraba ikatangulia, watu wakafuata. Mwaka 1862 serikali ilianza kugawa ekari 160 kwa familia itakayoishi na kulima kwa miaka mitano. Ekari 160 kwa Ohio ni shamba la kutosha. Lakini mvua ya Marekani hupungua kadiri unavyokwenda magharibi, na kuna ukanda, karibu na mstari wa longitudo 100, ambako inashuka chini ya milimita 500 kwa mwaka. Ukiupita huo, ekari 160 hazilishi familia. Mtu wa Laikipia au Kajiado hahitaji kuelezwa hili. Waliotunga sheria wakiwa pwani ya mashariki walihitaji miaka zaidi ya 40 kulielewa: mwaka 1904 wakapitisha sheria nyingine kwa ajili ya magharibi ya Nebraska, ikitoa ekari 640. Hata hizo hazikutosha. Eneo lenyewe ni vilima vya mchanga vilivyoshikwa na nyasi, na ukikata nyasi kwa plau mchanga unapeperuka. Walowezi wengi waliuza na kuondoka, ranchi zikameza mashamba, na ng'ombe wakabaki wengi kuliko watu. Kaunti ya Cherry iliyoko humo ina eneo mara mbili ya Nakuru yenu. Sensa ya 2020 iliikuta na watu 5,455.

Sasa vijiji kama Monowi vinaingia wapi? Reli. Kampuni za reli ziliweka stesheni kila baada ya maili chache, kwa sababu treni ya mvuke ilihitaji maji na kwa sababu mkulima alileta nafaka kwa gari la farasi na lazima arudi nyumbani jioni. Kila stesheni ikapata ghala la nafaka, duka, posta, kanisa, kisha ikajisajili kuwa mji. Ulikuwa ni mpangilio wa mwendo wa farasi. Lori lilipokuja, mkulima akaweza kwenda mbali zaidi kuuza na kununua, na katika kila vituo vitano au sita kimoja tu kikawa na sababu ya kuwapo. Trekta likafanya kazi ya watu kumi. Vijana wakaenda Omaha, Denver na Lincoln. Vituo vilivyobaki havikufa siku moja: shule ilifungwa, kisha posta, kisha duka, na mwishoni ikabaki baa. Usajili wa kisheria ulibaki vile vile, kwa kuwa hakuna aliyekwenda kuufuta.

Kuhusu wingi wa kaunti, utasikia hadithi kwamba zilipimwa ili mkulima aende mahakamani na kurudi siku hiyo hiyo kwa gari la nyumbu. Georgia, yenye kaunti 159, wanaisimulia sana. Nadhani ina ukweli, lakini mimi huongeza sababu isiyopendeza. Hadi mwaka 1963 kura za mchujo wa chama huko Georgia zilihesabiwa kwa kaunti, si kwa vichwa, na kaunti ndogo ilibeba uzito kuliko watu wake. Mwenye kaunti nyingi ndogo upande wake hana haraka ya kuziunganisha. Kuunganisha kumewahi kutokea, ila mara chache: mwaka 1932, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, kaunti za Campbell na Milton zilimezwa na Fulton, ile ya Atlanta.

Kaunti yako ya watu 64 inaitwa Loving, magharibi mwa Texas, mpakani na New Mexico. Jina halihusiani na mapenzi. Ni la mfugaji na mswaga ng'ombe aliyeitwa Oliver Loving. Ukubwa wake unazidi kidogo kisiwa cha Unguja, chenye zaidi ya watu milioni moja. Ilichorwa mwaka 1887, ikaanzishwa rasmi 1893, ikavunjwa 1897 na kuwekwa chini ya jirani yake Reeves, kisha ikaanzishwa upya 1931. Kilichoirudisha ni mafuta. Sensa ya 1940 ilikuta watu 285, na hiyo ndiyo idadi kubwa kuliko zote ilizowahi kupata. Mji ni mmoja tu, Mentone, wenye mahakama. Watoto husoma Wink, kaunti ya jirani. Lakini usidanganyike na ile 64 ukadhani barabara ni kimya. Malori ya mafuta na maji yanapishana usiku na mchana, na wafanyakazi wa visima wanalala kambini. Sensa humhesabu mtu mahali anapoishi na kulala siku nyingi za mwaka, na wengi wao kwao ni kwingine. Visima vinalipa kodi kwa kaunti. Nani atakubali kuifuta?

Mafuta hayohayo yanaweza kufanya kinyume. Kaunti ya McKenzie huko North Dakota ilikuwa na watu 6,360 mwaka 2010. Kufikia 2020 ilikuwa na 14,704, ongezeko la asilimia lililozidi kaunti nyingine zote za Marekani kwa mwongo huo.

Upande wa pili wa McKenzie ni Alexander, kaunti ya mwisho kusini mwa Illinois. Mwongo huohuo ilishuka kutoka watu 8,238 hadi 5,240, zaidi ya theluthi moja. Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu wengi wakisoma namba za namna hii husema tu "vijana wamehamia mjini", na makao makuu ya kaunti hii, mji unaoitwa Cairo, yanakataa maelezo mepesi hivyo.

Ukiutazama Cairo kwenye ramani utasema hapa pangekuwa na jiji kubwa. Mto Ohio unakutana na Mississippi hapohapo, kwenye ncha ya ardhi iliyo chini kabisa Illinois nzima. Wenyeji hawatamki jina hilo kama jiji la Misri, wanasema kitu kama Kero, na eneo lote la kusini wanaliita Misri Ndogo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861, Jenerali Grant wa jeshi la Kaskazini aliufanya kituo chake. Meli za mvuke zilitia nanga, na treni zilivushwa mto kwa pantoni, kazi iliyolisha watu wengi. Mwaka 1889 daraja la reli juu ya Ohio likakamilika, na treni zikaanza kupita bila kusimama. Mji haukufa hapo. Ulifikia watu 15,203 mwaka 1920. Lakini tangu hapo kila njia mpya ilipunguza sababu ya mtu kusimama Cairo, hadi barabara kuu ya kisasa ilipouzunguka kabisa.

Kingine ni ubaguzi, na huwezi kuueleza mji huu ukiuacha. Mwaka 1909 umati wa maelfu ulimuua hadharani mwanamume mweusi aliyeitwa Will James. Mwaka 1967 Robert Hunt, askari kijana mweusi aliyekuwa likizo, alikutwa amekufa katika selo ya polisi, na mji ukawaka. Kuanzia 1969 wakazi weusi waligomea maduka ya wazungu yaliyokataa kuwaajiri, na mgomo ukadumu miaka. Wenye maduka kadhaa waliona heri kufunga kuliko kuajiri. Bwawa la kuogelea la mji lilikuwa limeshafungwa kwa mantiki hiyohiyo: kuliko weusi waogelee, asiogelee mtu. Jiografia iliupa Cairo mito miwili, na watu wakaondoka kwa sababu ambazo hazionekani kwenye ramani.

Basi ikafika miaka ya 2010 mji ukiwa umebaki mdogo na maskini. Kwanza mto. Tarehe 2 Mei 2011 mafuriko yalikuwa yanakaribia kuuzamisha, na wahandisi wa jeshi wakalipua tuta la upande wa pili, Missouri, ili maji yapate pa kwenda. Ekari zipatazo 130,000 za mashamba zilifunikwa na maji, na Cairo ukanusurika. Januari 2013 jimbo likafunga gereza la Tamms, lililokuwa katika kaunti hiyohiyo. Askari wa gereza walipoteza kazi, na wafungwa nao walikuwa wanahesabiwa kama wakazi, maana ndipo walipolala. Mwaka 2017 serikali kuu ikatangaza kwamba majengo mawili makubwa ya nyumba za umma, yaliyoachwa yakaoza kwa miaka, yatafungwa. Familia karibu 200 zikaambiwa zihame, na nyumba nyingine za kupanga mjini zilikuwa chache mno, kwa hiyo kuhama kukawa kuuacha mji. Sensa ya 2020 ikaandika Cairo 1,733. Namba hiyo haikushuka kwa upepo wa zama tu. Yapo maamuzi yenye tarehe na ofisi zilizoyafanya.

Sasa wale wawili wa Monowi. Sheria ya Marekani inakataza sensa kufichua habari za mtu binafsi, na kompyuta za leo zinaweza kuunganisha majedwali mpaka zikamtambua mtu. Kwa hiyo mwaka 2020 ofisi ya sensa ilichanganya makosa madogo ya makusudi katika takwimu za maeneo madogo. Jumla ya kila jimbo ndiyo iliyoachwa kama ilivyohesabiwa. Chini ya hapo, kaunti, miji na vijiji, namba zimetikiswa kidogo. Katika mji wa laki moja hutaona tofauti. Katika kijiji cha mtu mmoja, mtikiso wa mtu mmoja unaongeza watu maradufu. Bibi wa Monowi akajikuta na jirani aliyezaliwa na kompyuta. Kwa sababu hiyohiyo, ile 64 ya Loving usiishike kama umewapanga foleni ukawahesabu. Ni kama sitini.

Ukiendelea kutafuta mwenyewe, angalia na majina. Zipo kaunti 31 zinazoitwa Washington, ukihesabu na parokia moja ya Louisiana, kwa hiyo jina la kaunti bila jina la jimbo halina maana. Na usipime mji kwa cheo chake. Kijiji, mji na jiji ni vyeo vya kisheria, na kila jimbo lina kanuni zake. Hempstead huko New York kisheria ni mji mdogo tu, na una zaidi ya watu 790,000. Kati ya miji iliyosajiliwa Marekani, ambayo ni kama 19,500, takriban robo tatu haifikii watu 5,000. Vilevile kuna makazi makubwa yasiyosajiliwa kabisa, yasiyo na meya, ambayo sensa huyapa mipaka ya takwimu peke yake. Ukikuta namba mbili tofauti za mahali pamoja, mara nyingi moja ni ya mji wenyewe na nyingine ni ya kaunti au eneo la takwimu lenye jina hilohilo.

Umesema pia shemeji hupita Nebraska mara kwa mara. Mwambie atazame namba za magari. Jimbo lina kaunti 93, na kwa sehemu kubwa namba ya gari huanza na namba ya kaunti linakotoka, kisha kistari. Zilipangwa kwa kufuata kaunti zilizokuwa na magari mengi mwaka 1922, na mpangilio haujabadilishwa. Custer, katikati ya jimbo, bado ni namba 4, na leo ina watu kama 10,500. Hall, ambako kuna mji wa Grand Island na karibu watu 63,000, ni namba 8. Sarpy, kusini mwa Omaha, ambayo sasa ni ya tatu kwa watu katika jimbo zima, ilipewa 59. Na mwaka 2002, pamoja na zile mbili kubwa zaidi, ikaacha kabisa kutumia namba hizo. Akikutana na gari la 93, hilo ni la Hooker, huko kwenye vilima vya mchanga.